Kuchagua Mashine ya Kwanza ya Kuchomelea kwa Karakana ya Shule

Makala hii inawahusu wanachuo ambao, mara tu baada ya kuhitimu, wataitwa ofisini na mwalimu mkuu na kuambiwa: "Wewe unajua ufundi, tuchagulie mashine ya kuchomelea." Jambo hili hutokea zaidi ya inavyodhaniwa. Shule nyingi za msingi zina madawati ya fremu za chuma, na fremu hizo huvunjika penye maungio. Kamati ya shule ikishapiga hesabu ya gharama ya kuyapeleka madawati mjini na kuyarudisha, huona afadhali shule iwe na mashine yake yenyewe. Wazazi huchanga, kisha hutafutwa mtu wa kwenda dukani. Aghalabu mtu huyo ni mwalimu kijana aliyewahi kutengeneza redio, kufunga nyaya za umeme, au kushika randa na msumeno, lakini ambaye hajachomelea hata fremu moja maishani mwake.

Mtu wa namna hiyo ni mwanagenzi mwenye ujuzi. Ana faida kubwa kuliko yule asiyejua lolote, kwa kuwa anaelewa volti na ampea ni nini. Lakini pia ana hatari yake ya pekee. Kwa sababu anajua kusoma tarakimu, huziamini tarakimu upesi, na huenda akaichagua mashine kwa kutazama namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwake. Njia iliyo sahihi ni kinyume cha hiyo: kuanza na kazi itakayofanywa, kisha kurudi nyuma hatua kwa hatua, na mashine iwe jambo la mwisho kuamuliwa. Njia hii, kama tutakavyoona, ni somo zuri pia kwa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Kosa langu mwenyewe

Kabla ya kuwa mkufunzi nilifundisha katika shule moja ya msingi ambayo madawati yake mengi yalikuwa yamelegea miguu. Nilikuwa nafahamu umeme kiasi cha kuaminiwa na kijiji kizima. Wazazi walipochanga, nilikwenda mjini na kununua transfoma ya kuchomelea ya ampea 300, kubwa na nzito, ya kubebwa na watu wawili. Nilijiambia kwamba mwenye uwezo mkubwa anaweza pia kufanya kazi ndogo.

Siku ya kwanza nilipoigusisha elektrodi kwenye chuma, swichi kuu ilikata umeme wa shule nzima. Nikaomba umeme kwenye nyumba ya jirani kwa waya mrefu. Waya ukapata moto na elektrodi ikanata kwenye chuma badala ya kuwaka. Hatimaye, tulipopata umeme wa kutosha kwa muda, nilitambua tatizo ambalo sikulitarajia kabisa. Kiwango cha chini cha mashine ile kilikuwa ampea 80, nayo mabomba ya madawati yetu yalikuwa membamba. Kila nilipochomelea, nilitoboa. Mguu uliokuwa umelegea ukawa mguu wenye tundu.

Mashine iliuzwa kwa hasara kwa fundi mmoja wa mjini. Fundi yule, mtu mzima mwenye adabu, aliikagua akaridhika, kisha akaniuliza: "Mwalimu, mashine hii ni nzuri. Kwani ninyi huko mlikuwa mnachomelea nini?" Nikamjibu kuwa ni miguu ya madawati. "Bomba la gegi gani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesafiri, nimenunua, nimeharibu na nimeuza bila kupima unene wa chuma hata mara moja. Watoto wa darasa la tatu waliendelea kukaa chini hadi mwaka uliofuata, na mwenyekiti wa kamati alinitaka nitoe maelezo mbele ya wazazi waliochanga.

Kuanza na kazi

Swali la fundi yule ndilo swali la kwanza. Fremu za madawati kwa kawaida hutengenezwa kwa bomba la mraba lenye pande za milimita 25 hivi na unene wa milimita 1.2 hadi 1.5. Mwalimu achukue kipande kilichovunjika, akipime kwa kalipa kwenye ukingo, baada ya kukwangua rangi. Kisha aorodheshe kazi nyingine zinazotarajiwa katika miaka miwili au mitatu ijayo: bawaba za milango, vyuma vya madirisha, magoli, labda toroli la bustani. Ataona kwamba karibu kazi zote za shule ni za chuma chenye unene usiozidi milimita 5.

Unene wa chuma ndio unaoamua elektrodi. Kwa bomba la milimita 1.5 hutumika elektrodi yenye kipenyo cha milimita 2.0, au 2.5 kwa mkono uliokwisha zoea. Kwa chuma cha milimita 4 au 5 hutumika 2.5 au 3.2. Nayo elektrodi ndiyo inayoamua ampea. Elektrodi ya 2.0 hufanya kazi kati ya ampea 40 na 60 hivi, ya 2.5 kati ya 60 na 90; ya 3.2 kati ya 90 na 130. Pakiti ya elektrodi yenyewe huwa imeandikwa viwango vyake, na mwanagenzi afuate pakiti.

Basi tumekwisha pata jambo kubwa bila hata kuingia dukani. Shule inahitaji mashine inayotulia vizuri kati ya ampea 40 na 90, na inayoweza kufika 130 mara chache. Hakuna mahali popote katika orodha yetu palipotaka ampea 300. Tena, kwa kazi ya madawati, kiwango cha chini cha mashine kina maana kubwa kuliko kiwango chake cha juu, nacho ndicho muuzaji asichokitaja.

Umeme wa shule

Hatua ya pili ni umeme. Shule nyingi zilizounganishiwa umeme zina njia moja ya volti 230, na soketi zake ni za kawaida za ampea 13. Soketi ya namna hiyo inatoa 230 × 13, yaani wati 2,990, na zaidi ya hapo hatuna haki ya kuidai.

Je, kuchomelea kunahitaji kiasi gani? Kwa elektrodi za mkono ipo kanuni inayotumika katika viwango vya kimataifa vya mashine hizi: volti za mwali ni 20, ukijumlisha na ampea zilizozidishwa kwa 0.04. Kwa ampea 80 tunapata volti 23.2. Zidisha 80 kwa 23.2, nguvu ya mwali ni wati 1,856. Mtu akikomea hapo atafurahi, kwa kuwa 1,856 ni ndogo kuliko 2,990. Lakini hesabu haijaisha. Mashine yenyewe hupoteza sehemu ya nguvu kuwa joto. Inverta nzuri hupitisha kama asilimia 85, hivyo itahitaji wati 2,184. Kisha, inverta nyingi za bei ya chini huvuta umeme kwa mapigo mafupi makali badala ya kuuvuta kwa ulaini, na kwa sababu hiyo ampea za kwenye waya huwa nyingi kuliko wati zinavyoonyesha. Tukigawanya kwa 0.7 ili kulifidia jambo hilo, tunapata 3,120; nayo ikigawanywa kwa 230 ni ampea 13.6.

Kumbe elektrodi ya 2.5 peke yake inaifikisha soketi ya kawaida kwenye mpaka wake! Elektrodi ya 3.2 kwa ampea 110, kwa hesabu hiyohiyo, inavuta karibu ampea 20. Na mashine ikiendeshwa kwa ampea 200 itavuta kama 41.

Transfoma ya zamani ina tabia nyingine. Hiyo huvuta umeme kwa kadiri ya volti zake za wazi, yaani volti zilizopo kabla mwali haujawaka, ambazo mara nyingi ni kati ya 50 na 80. Transfoma yenye volti 70 za wazi, ikitoa ampea 80, inavuta 70 × 80, yaani 5,600, ambayo ukiigawanya kwa 230 ni zaidi ya ampea 24. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa kuchelewa, kwa nini swichi kuu ya shule yetu ilikata.

Umbali nao usisahaulike. Karakana nyingi ziko nyuma ya madarasa, mbali na mita. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa omu 7.41 kwa kilomita. Karakana ikiwa mita 60 kutoka kwenye mita ya umeme, safari ya kwenda na kurudi ni mita 120, na ukinzani wake ni omu 0.89. Kwa ampea 20 unapotea umeme wa karibu volti 18. Waya wa milimita 6, wenye omu 3.08 kwa kilomita, hupoteza volti 7 na kidogo tu. Kwa hiyo fedha nyingine za wazazi zinapaswa kwenda kwenye waya, na kazi ya kuufunga, pamoja na soketi yake nzito na swichi yake ya peke yake, ifanywe na fundi umeme mwenye leseni hata kama mwalimu anajiona anaiweza.

Kukisoma kibao cha mashine

Sasa mwalimu anaweza kwenda dukani. Asiitazame namba kubwa ya ubavuni. Atafute kibao kidogo cha chuma au karatasi kilichobandikwa nyuma au chini ya mashine, na kama hakipo, mashine hiyo aiache.

Kibao kinaonyesha mambo mengi, lakini matatu yanatosha. Herufi X ni mzunguko wa kazi: ni sehemu gani ya dakika 10 mashine inaweza kuchomelea bila kupumzika, katika joto la nyuzi 40. Mashine iliyoandikwa ampea 200 kwa asilimia 20 inafanya kazi dakika 2 na kupumzika dakika 8. Alama I na 2 ndogo ni ampea zinazotoka. Alama I na 1 ndogo ni ampea zinazovutwa kutoka ukutani, na hizo ndizo za kulinganisha na umeme wa shule.

Hapa ujuzi wa hesabu unamfaa mwanagenzi kuliko mahali pengine popote. Joto ndani ya mashine huongezeka, kwa makisio mazuri, kwa kadiri ya mraba wa ampea. Kwa hiyo tukichukua ampea, tukazidisha kwa ampea hizohizo, kisha tukazidisha kwa X, tunapata kipimo cha kulinganishia mashine mbili. Tuseme mashine ya kwanza ni ya ampea 200 kwa asilimia 20, na ya pili ni ya ampea 160 kwa asilimia 35. Ya kwanza inatoa 200 × 200 × 20, yaani 800,000. Ya pili inatoa 160 × 160 × 35, yaani 896,000. Ile yenye namba ndogo usoni ndiyo yenye ustahimilivu zaidi! Ukitafuta ampea ambazo kila moja inaweza kuzitoa bila kupumzika, ya kwanza ina 89 na ya pili ina karibu 95. Nimewaonyesha wanachuo hesabu hii mara nyingi, na kila mara yupo anayesema kuwa nimekosea kuzidisha.

Kibao pia humfichua muuzaji asiye mkweli. Dukani huonekana mashine ndogo iliyoandikwa ampea 250, yenye waya mwembamba na plagi ya kawaida ya ampea 13. Kwa kanuni yetu, ampea 250 zinahitaji volti 30, yaani wati 7,500 kwenye mwali. Plagi ile haiwezi kupitisha hata 3,000. Hakuna mashine inayotoa nguvu kuliko inayopewa, na hilo mwanafunzi wa shule ya msingi analielewa ukimwambia habari ya ndoo na kikombe.

Aina ya mashine

Nitapita upesi hapa. Mashine inayolisha waya kwa gesi ni rahisi kujifunza, lakini inataka mtungi wa gesi ujazwe mjini, na upepo ukipita katika karakana isiyo na kuta huipeperusha gesi na kuharibu maungio. Kuchomelea kwa gesi ya asetilini na oksijeni hakuhitaji umeme, ila mitungi yake siipendekezi katika uwanja wenye watoto. Zinabaki transfoma na inverta, zote zikitumia elektrodi za mkono ambazo hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi.

Transfoma hudumu sana. Nyaya zake zikiungua, fundi wa kusuka mota anaweza kuzisuka upya. Inverta ni nyepesi, mwali wake ni mtulivu kwa ampea chache, na huvuta umeme kidogo, lakini ndani yake kuna sakiti za elektroniki zinazoharibiwa na vumbi la chuma. Isiwekwe kamwe karibu na mashine ya kusagia. Kwa shule yenye njia moja ya umeme na kazi ya mabomba membamba, nachagua inverta ya ampea 140 hadi 160, yenye kibao kamili, inayoshuka hadi ampea 40 au chini yake.

Kabla ya kulipa, mwalimu afike dukani na vipande viwili vya bomba lake mwenyewe. Aombe fundi wa hapo aviunge mbele yake kwa elektrodi ya 2.0, kwa ampea 50. Mwali ukizimikazimika, au fundi akilazimika kupandisha ampea hadi bomba litoboke, jibu limekwisha patikana. Muuzaji anayekataa jaribio hilo naye amejibu.

Katika bajeti zisisahauliwe ngao ya uso yenye kioo namba 10, glavu za ngozi, nyundo ya kubandulia gamba, brashi ya waya, ndoo ya mchanga, na kopo lenye kifuniko la kuhifadhia elektrodi zisipate unyevu. Elektrodi za 6013 ndizo zinazomfaa mwanagenzi. Huwaka kwa urahisi na hazitaki tanuri ya kukaushia.

Watoto na mwali

Mwanafunzi wa shule ya msingi hachomelei. Jambo hili lisijadiliwe. Mwali wa umeme hutoa mionzi inayounguza macho bila mtu kuhisi chochote kwa wakati ule. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, aghalabu usiku, kama kwamba mchanga umemwagwa machoni. Katika shule ile niliyoitaja, watoto watatu waliokuwa wakichungulia kupitia dirisha la darasa walilia usiku kucha, nami nilikuwa nimewafukuza wale waliokuwa uani tu. Tangu siku hiyo nafundisha kwamba karakana izungushiwe turubai zito lisilopitisha mwanga kabla mashine haijawashwa, na kazi ifanywe watoto wakiwa wamekwenda nyumbani. Chuma chenye rangi kikwanguliwe kwanza. Cha mabati kiachwe, kwa maana moshi wa zinki huleta homa. Anayechomelea asisimame penye maji wala asivae viatu vilivyolowa.

Kulifanya kuwa somo

Kwa yote hayo, wanafunzi wana kazi kubwa katika uchaguzi wa mashine. Yafuatayo ni matayarisho ya vipindi vitatu ambayo wanachuo wetu wameyajaribu katika mazoezi ya kufundisha.

Katika kipindi cha kwanza, vikundi vya wanafunzi watano watano huzunguka shuleni wakiwa na daftari. Huhesabu madawati mabovu, huchora mahali palipovunjika, na hupima unene wa bomba. Mwalimu asiwape jibu la unene. Vikundi vitaleta vipimo tofauti, na mabishano yatakayofuata juu ya rangi iliyopimwa pamoja na chuma yana thamani kuliko maelezo ya nusu saa.

Kipindi cha pili ni cha hesabu. Mwalimu aandike ubaoni vibao vya mashine mbili nilizozitaja hapo juu, aulize darasa wangenunua ipi, na apige kura kabla ya hesabu yoyote. Karibu wote watachagua 200. Ndipo wazidishe. Kura ya pili ipigwe baada ya hapo, na mwanafunzi aliyebadili mawazo aeleze kwa maneno yake kilichombadilisha. Mwanachuo mmoja aliiruka kura ya kwanza kwa kuokoa muda, na somo zima likawa zoezi la kuzidisha tu. Wanafunzi hawakuwa na cha kushangaa, kwa kuwa hawakuwa wamejifunga na jibu.

Kipindi cha tatu wanafunzi huandika barua kwa kamati ya shule, wakieleza mashine ya aina gani inunuliwe na kwa sababu zipi. Barua nzuri isomwe kweli mbele ya kamati. Nimeshuhudia mzazi mmoja akimwuliza mtoto maswali makali juu ya X, na mtoto akiyajibu kwa dakika 2 na dakika 8 bila kutetereka.

Maswali ya kufanyia kazi

1. Mashine moja imeandikwa ampea 140 kwa asilimia 60. Ilinganishe na zile mbili za makala hii, kisha utafute ampea inazoweza kutoa bila kupumzika.

2. Karakana iko mita 45 kutoka kwenye mita ya umeme, na waya uliopo ni wa milimita za mraba 4, wenye ukinzani wa omu 4.61 kwa kilomita. Ni volti ngapi zitapotea mashine ikivuta ampea 14?

3. Nenda kwa fundi wa kuchomelea aliye karibu na chuo. Mwombe akuonyeshe kibao cha mashine yake, unakili tarakimu zake, na umwulize ni kazi gani mashine hiyo imemshinda.

4. Mwalimu mkuu amekwisha nunua mashine kubwa isiyofaa kabla wewe hujaripoti shuleni. Andaa maneno utakayomwambia faraghani, na maneno utakayoiambia kamati mbele yake.